Kinu cha kwanza cha Afrika kilikuwa kwetu. Daftari liko wapi?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa kartye Obokote, Kindu

  Jumapili kila mtu yuko na mambo yake, na tunajua kuna wengine hapa waliacha hata biashara kidogo ili watusikilize.

Wiki iliyopita tulipotangaza kwamba leo tutaongea juu ya sayansi ya nyuklia katika inchi yetu, ndugu mmoja alituandikia: «Sisi tuko mu giza, telefone tunachajisha kwa franga, na ninyi muko natuletea mambo ya nyuklia. Muko na akili kweli?» Tulicheka wote. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu swali lake ni la haki. Mtu asiye na umeme, mambo ya atomi yanamuhusu nini?

Tutamjibu kwanza kwa jambo ambalo wengi hapa wanalijua. Si zamani sana, mama mmoja wa jirani zetu alipata kansa ya mlango wa kizazi. Daktari alimwambia ukweli: hapa hatuwezi, dawa yake ni kuchoma kwa mionzi, nenda Kampala. Kampala! Kutoka Kindu mpaka Goma ni ndege, tangu Goma ni mipaka na barabara, na huko kufika ni kulipa hospitali, kulala na kula. Tulichanga. Wenye piki-piki walitoa, mama wa soko walitoa, wanafunzi walitoa franga ya daftari. Pesa ilipofika nusu, mama akatuacha. Pesa ile ile ndiyo ilinunua sanduku.

Mionzi aliyoikosa yule mama, hiyo ndiyo sayansi ya nyuklia. Watu wengi wakisikia neno nyuklia wanafikiri bomu tu. Lakini mashine nyingi za kuchoma kansa zinatumia kitu kinachoitwa kobalti-60. Kanada ilianza kutibu wagonjwa nacho mwaka 1951. Na kobalti yenyewe, leo, inatoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi. Lakini kobalti ya ndani ya ardhi haiponyeshi mtu. Lazima iwekwe ndani ya kinu cha nyuklia, ile ambayo wenye kusoma wanaita reakteri, ikae huko muda mrefu, ndipo inageuka kuwa kobalti-60. Basi jiwe ni letu, kinu ni cha wengine, na mgonjwa wetu anakufa akingoja nauli.

Hatukuja kuomba serikali ijenge kinu cha nyuklia hapa Kindu. Tumekuja na swali la hesabu. Inchi hii ilikuwa ya kwanza katika Afrika yote kuwa na kinu cha nyuklia, mwaka 1959. Mbele ya Misri, iliyopata chake 1961. Mbele ya Afrika Kusini, iliyopata chake 1965. Ilikuwaje inchi iliyotangulia ikafika mahali pa kuchangisha nauli ya Kampala kartye kwa kartye? Tufuate njia yake polepole.

Jiwe lilikwenda, elimu ikakaa huko

Mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Sharp, aliona uraniumu fasi inayoitwa Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi, Katanga. Kampuni ya Union Minière ikaanza kuchimba. Wakati ule hawakutafuta uraniumu yenyewe. Walitafuta radiumu, kitu cha bei kali sana, ambacho madaktari wa Ulaya walikitumia. Tangu 1922 mawe ya Shinkolobwe yalisafishwa Olen, kule Ubeleji, radiumu ikatolewa, na uraniumu ikabaki karibu kama takataka. Kazi yake ilikuwa kutia rangi kwenye vyungu na vioo.

Mambo yakageuka. Mwaka 1939 Albert Einstein alisaini barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, na ndani yake iliandikwa wazi kwamba chanzo cha maana kuliko vyote cha uraniumu ni Kongo ya Wabeleji. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alituma zaidi ya tani 1,000 za mawe yetu mpaka New York, zikawekwa katika depo ya Staten Island. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likanunua mzigo wote. Mawe ya fasi zingine mara nyingi yalikuwa na uraniumu chini ya asilimia 1. Ya Shinkolobwe, kuna yaliyofika asilimia 65. Tarehe 6 mwezi wa nane 1945 bomu ikaanguka Hiroshima. Sehemu kubwa ya uraniumu ya mradi ule ilitoka kwetu. Wababu walioichimba na kuibeba hawakuambiwa inakwenda kufanya nini.

Hiyo wengi mlishaisikia. Ambayo haisemwi sana ni hii: mwezi wa tisa 1944 Ubeleji, Marekani na Uingereza walifanya mapatano ya siri. Uraniumu ya Kongo itauzwa kwa Marekani na Uingereza, na Ubeleji, kwa kutoa mali hiyo, itapewa nafasi katika matumizi ya nishati ya atomi. Na kweli Ubeleji haikulala. Mwaka 1952 ikaanzisha kituo cha utafiti wa nyuklia katika mji wa Mol. Mwaka 1956 kinu chao cha kwanza, BR1, kikawaka.

Tuelewane. Hatusemi haya ili tuchukie Wabeleji wa leo. Tunasema ili tujue serikali yenye mpango inafanya nini. Waliuza jiwe, lakini hawakuridhika na pesa tu. Walidai elimu, wakasomesha watoto wao, wakaweka nyumba ya utafiti, wakailipia kila mwaka. Shida ni kwamba jiwe halikuwa lao.

Kinu juu ya mlima Amba

Tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 1953, Rais Eisenhower wa Marekani alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akatangaza atomi kwa ajili ya amani. Nyuma ya maneno yale Marekani ikaanza kusaidia inchi marafiki zake kupata vinu vidogo vya utafiti. Mwaka uliofuata, 1954, iniversite ya Lovanium ilifunguliwa Léopoldville, juu ya mlima Amba. Rekta wake, padri Luc Gillon, alikuwa mtu wa fizika. Alitetea neno moja: inchi iliyotoa uraniumu inastahili kuwa na kinu chake. Akasikilizwa. Kinu kikatoka kwa kampuni ya General Atomic ya California, aina inayoitwa TRIGA. Wakaunganisha TRIGA na Congo, jina likawa TRICO.

TRICO I iliwaka mwezi wa sita 1959. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50 za joto. Hapa tusikosee, kwa sababu katika rezo tunasoma mambo mengi: kinu cha namna ile hakitoi umeme, hata wa balbu moja. Ni kinu cha kujifunza na kutafiti. Kinatoa mionzi ya kupima madini yaliyo ndani ya jiwe, ya kutengeneza vitu vinavyotumiwa hospitalini kupima magonjwa, ya kujaribu mbegu za mashamba. Na wale wanaosema kingeweza kulipuka kama Tchernobyl, hapana. Mafuta ya TRIGA yalitengenezwa kwa namna kwamba yakipata joto kupita kiasi, moto wake unapungua wenyewe. Vilichaguliwa kwa iniversite juu ya hiyo.

Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 30 mwezi wa sita 1960, tukapata uhuru. Wakongomani waliokuwa wamemaliza iniversite, katika inchi nzima, hawakufika 30. Kule Katanga, Shinkolobwe ilifungwa mwaka huo huo kabla ya uhuru, na mashimo yakazibwa kwa sementi. Kwa hiyo serikali yetu ya kwanza ilirithi kinu ambacho watu wake karibu hakuna aliyesomeshwa kukiendesha, na mgodi uliozibwa.

Na bado Wakongomani walifanya kazi. Hapo lazima tuwape heshima yao. Mwaka 1961 Kongo iliingia katika Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lile la Vienna. Katika miaka ile ya vita na mavurugo, kinu hakikuachwa kife. Vijana wa inchi walisoma, wakachukua kazi. Mmoja ni mhandisi Malu wa Kalenga, aliyekuja kuongoza kituo kile kwa miaka mingi na kuandika sana juu ya sayansi katika Afrika. Kituo kikaitwa Centre Régional d'Études Nucléaires de Kinshasa, kwa kifupi CREN-K. Neno «régional» lilikuwa na uzito wake: maana yake watoto wa inchi zingine za Afrika pia wangekuja kusoma kwetu. Fikirini hiyo kidogo. Leo sisi ndio tunatafuta viza za kwenda kwao.

Kupenda mashine, kuogopa wanafunzi

Mwezi wa sita 1970 TRICO I ikazimwa, kwa sababu kubwa yake ilikuwa inakuja. Mwezi wa tatu 1972 TRICO II ikawaka: megawati 1, maana yake mara 20 ya ile ya kwanza. Ulikuwa wakati wa Mobutu, wakati wa mapicha makubwa. Inga I ilifunguliwa mwaka ule ule. Miaka michache baadaye serikali ikakodisha eneo kubwa la Shaba kwa kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ili ijaribu roketi. Roketi ya kwanza ilirushwa 1977, na mwaka 1979 mambo yakafungwa. Zaire ilitaka kuonekana.

Lakini tuweke tarehe zingine pembeni ya hizo. Tarehe 4 mwezi wa sita 1969, wanafunzi wa Lovanium walishuka kutoka mlima Amba kudai burse na maisha bora. Askari waliwafyatulia risasi, makumi wakafa. Mwezi wa sita 1971, wenzao walipotaka kuwakumbuka wafu wao, serikali iliwachukua wanafunzi kwa nguvu ikawaingiza jeshini. Mwaka huo huo Lovanium ikanyang'anywa uhuru wake, ikaunganishwa na zingine ndani ya iniversite moja ya serikali, UNAZA.

Mnaona? Ni mlima mmoja. Ni miaka ile ile. Upande huu serikali inakata utepe wa kinu kipya, upande ule inapiga risasi wale ambao wangekuja kukiendesha. Serikali ya namna ile inapenda sayansi ikiwa ni mashine, kwa sababu mashine haiulizi. Mwanafunzi anauliza.

Kisha bei ya shaba ikaanguka, kati ya 1974 na 1975. Deni likapanda. Mishahara ya walimu na watafiti ikawa ya kuchekesha, na wengi wakaondoka. Mwaka 1991 na 1993 askari waliiba na kuvunja Kinshasa nzima. Vipuri vya kinu vilikosekana, na Marekani, iliyokitengeneza, ikakataa kuvituma. Wale waliobaki CREN-K walikaa wakilinda mashine ambayo hawakuwa tena na njia ya kuitunza. Hao hatuwalaumu. Tunajua wako watu katika inchi hii wanaofanya kazi bila mshahara ili kitu kisiharibike kabisa.

Na kulikuwa na aibu nyingine. Fimbo mbili za mafuta ya nyuklia zilipotea Kinshasa. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa watu wa mafia waliotaka kuiuza. Ya pili mpaka leo haijaonekana. Wazee wetu wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulifikiri methali hiyo ni ya duka. Kumbe ni ya serikali pia.

Mwaka 2004, milango miwili

Mwezi wa kwanza 2004 Rais Joseph Kabila alisaini dekreti ya kufunga Shinkolobwe. Juu ya nini, wakati ilishafungwa 1960? Kwa sababu watu walikuwa wamerudi. Maelfu ya wachimbaji wa mikono walichimba pale kobalti na shaba, katika ardhi ile ile yenye uraniumu, bila glavu, bila kitu cha kufunika pua. Dekreti ilisema hakuna kuchimba, lakini haikusema watakula nini. Wakaendelea. Mwezi wa saba mwaka huo huo shimo liliwaangukia, na watu wasiopungua 8 wakafa.

Mwaka huo huo wa 2004, TRICO II nayo ikazimwa, na haijawaka tena.

Sasa tazameni: inchi iliyotoa uraniumu na kupata kinu cha kwanza cha Afrika, katika mwaka mmoja, mlango wa jiwe umefungwa kwa karatasi na mlango wa elimu umefungwa kwa kukosa vipuri. Na katika milango yote miwili, hakuna aliyekuja mbele ya raia kusema: tulifanya hivi, tulikosea hapa, mpango unaofuata ni huu.

Haina maana kwamba serikali haikuandika kitu. Mwezi wa kumi 2002 sheria ilitoka ya kulinda watu dhidi ya hatari za mionzi, na kuna komite ya taifa, CNPRI, yenye kazi ya kusimamia ulinzi huo. Kuna Commissariat Général à l'Énergie Atomique, CGEA. Karatasi ziko. Lakini mwezi wa tatu 2009, Rais Sarkozy wa Ufaransa alipokuja Kinshasa, kampuni ya Areva ilisaini mapatano ya kutafuta uraniumu katika inchi yetu. Sisi raia tuliyasikia kwenye redio kama habari ya mpira. Hatukuulizwa. Ilikuwa tena habari ya jiwe. Kinu, wanafunzi, wagonjwa, hao hawakutajwa katika habari tulizosikia.

Tunaona mstari mmoja tangu 1915. Kila mara wakubwa wanapokaa mezani kwa ajili ya atomi ya Kongo, kuna anayetaka jiwe, na kuna anayetaka picha. Mara moja moja amepatikana anayetaka elimu, na hapo Wakongomani walionyesha kwamba wanaweza. Lakini hakuna serikali, ya ukoloni wala ya uhuru, iliyoweka mbele ya raia daftari la mambo haya. Hilo ndilo tumekuja kusema leo. Mashine ilipatikana, watu wenye akili walipatikana. Kilichokosekana ni kutoa hesabu.

Na sisi wa Maniema?

Kuna atakayesema: Kinshasa ni mbali, Likasi ni mbali, sisi huku tuko na kasiteriti na koltani yetu, uraniumu si ya kwetu. Ndugu, ngoja kidogo. Koltani mara nyingi inabeba ndani yake uraniumu na toriumu kidogo. Si siri, wanunuzi wote wa dunia wanajua. Ndiyo sababu kuna sheria ya kimataifa ya usafiri: mzigo wa madini ukipita kiasi cha bekereli 10 kwa gramu moja, unapaswa kusafirishwa kama mzigo wenye mionzi, na alama zake na karatasi zake.

Basi mzigo unapimwa mlangoni pa kutoka, kwa ajili ya meli na kwa ajili ya mnunuzi. Swali letu ni hili: kijana wa Kailo, wa Punia, wa Pangi, anayeponda jiwe na kula vumbi yake asubuhi mpaka jioni, nani anampima? Baba aliyeweka mifuko ndani ya chumba ambamo watoto wanalala, nani alimwambia? Namba inayopatikana kwenye mashine ya kupima, sisi hatujawahi kuiona ikibandikwa kwenye ukuta wa depo hata moja ya huku kwetu.

Hatutaki kuogopesha watu. Hatusemi koltani yote ni sumu, na hakuna sababu ya mtu kukimbia kazi yake kesho. Jiwe lililo mkononi kwa saa moja halina shida kubwa. Hatari iko zaidi katika vumbi inayoingia kifuani siku kwa siku, na katika kulala pembeni ya mzigo mwingi miezi na miezi. Kwa hiyo, wakati tunangoja serikali, tufanye yale tunayoweza: mifuko isikae ndani ya nyumba ya kulala, jiwe lilowanishwe na maji mbele ya kupondwa, mtu asiponde ndani ya chumba kilichofungwa, mikono inawiwe mbele ya kula. Ni mambo madogo, hayaombi dola. Wapelekeeni ndugu zenu walio porini.

Na watoto wetu shuleni? Hapa tulipo, wako wangapi waliosoma sekondari katika sehemu ya sayansi? Inueni mikono. Wako wangapi waliowahi kushika, kwa mikono yao, chombo kimoja cha fizika? Mnaona mikono inavyoshuka. Sisi wenyewe tulijifunza atomi kwa kunakili ubao. Mwalimu alichora duara, akachora vidoti, tukachora kama yeye, tukapata pointi. Hakuna aliyetuambia kwamba katika inchi hii hii kuna mlima ambapo Wakongomani waliendesha kinu cha atomi miaka na miaka. Tungeambiwa, labda mmoja wetu angelala akiota jambo tofauti.

Tunadai nini

Katiba yetu, kifungu cha 58, inasema kila Mkongomani ana haki ya kufaidi mali ya taifa, na kazi ya serikali ni kuigawa kwa haki. Kifungu cha 24 kinatupa haki ya kupata habari. Hatuombi zawadi.

Kwanza, serikali itangaze hali ya TRICO II: imefikia wapi, mafuta yake yanalindwa namna gani, watu wangapi wanafanya kazi pale, bajeti yao ya kila mwaka ni ngapi na wanapata kweli kiasi gani. Kama mpango ni kuiwasha tena, tuambiwe kwa pesa gani na kwa kazi gani. Kama mpango ni kuifunga kwa salama moja kwa moja, hiyo pia ni sera, tuambiwe. Kukaa katikati miaka na miaka si sera.

Pili, mapatano yoyote juu ya uraniumu yawekwe wazi. Dekreti ya tarehe 20 mwezi wa tano 2011 inasema mikataba ya madini itangazwe katika siku 60. Siku 60 ni siku 60.

Tatu, mionzi ya koltani ipimwe huku huku, kwenye machimbo na kwenye depo za Maniema, na namba zibandikwe kwa lugha ambayo mchimbaji anaisoma.

Nne, tiba ya mionzi ifike mashariki ya inchi. Mwaka 2022 Shirika la Vienna lilianzisha mpango unaoitwa Rays of Hope wa kusaidia inchi za Afrika kupata matibabu ya kansa, na Kongo iko kati ya zile za kwanza. Vizuri. Tunataka kujua upande wetu wa mashariki umeandikwa ukurasa gani.

Tano, laboratori za fizika katika shule na iniversite za mkoa huu. Tunajua kinu cha megawati 1 hakikuweza kutengeneza kobalti ya mashine za kansa. Kilikuwa kidogo kwa kazi hiyo. Lakini kiliweza kutengeneza watu. Na mashine ya kansa, hata ukipewa bure, bila fundi wa fizika wa kupima mionzi yake kila siku haiguswi. Itakaa ndani ya sanduku mpaka kutu iimalize. Kwa hiyo anayetaka hospitali yenye mashine, aanze na darasa lenye vyombo.

Hayo tumeyaandika katika barua kwa wadepite wote waliochaguliwa Maniema, wa taifa na wa mkoa. Barua iko hapa mezani. Hatutaki isainiwe na sisi tu. Kila mmoja asome, mwenye kutosoma asomewe, kisha aweke jina lake kama anakubali. Asiyekubali aseme kwa nini, tutarekebisha. Wiki ya kesho tutaipeleka kwa mikono yetu, kwa amani, na tutaomba muhuri wa kuipokea. Muhuri ni muhimu, wandugu. Baada ya siku 30 tutarudi na karatasi ile ile yenye muhuri, tuulize jibu liko wapi. Na majina ya waliojibu na wasiojibu tutayaweka hapa mbele ya wote.

Na wewe ndugu uliyetuuliza kama tuko na akili: tunajua uko hapa, tumekuona, na tunakushukuru. Umeme tutaudai, na tutaudai kwa njia hii hii, kwa kuuliza nani aliahidi, nani alilipwa, na kazi imefika wapi. Lakini leo, kabla hujaondoka, pita mezani. Yule mama tuliyemzika alikuwa shangazi yako pia. Tunaomba jina lako liwe la kwanza kwenye barua.